Maji Maangavu, Sumu Imekwenda Wapi?

Mto Tana unaonywesha watu, ngamia na mashamba ya Garissa hauanzii Garissa. Maji yake yatoka Aberdare na Mlima Kenya, na mmoja wa mito inayoungana nao, Mto Thika, wapita penye mji wa viwanda vya nguo na ngozi. Kisha Tana hushuka Garissa, Hola na Garsen, ukaingia baharini kwetu Kipini. Basi maji ya rangi yatokayo viwandani si habari ya watu wa bara peke yao.

Wataalamu wana dawa wanayoisifu: chembe za fedha, dhahabu, shaba au chuma, ndogo hata darubini ya kawaida haizioni. Chembe hizo ni kichocheo, yaani huharakisha kazi bila zenyewe kuliwa nayo. Hutiwa katika maji ya rangi pamoja na kemikali iitwayo sodiamu borohidraidi, na kwa dakika chache maji yaliyokuwa buluu huwa maangavu.

Hapo ndipo ninapotia shaka. Buluu ya methileni, inayojaribiwa sana maabarani, huwa haikuteketea. Imegeuzwa umbo tu. Ikipigwa na hewa yaweza kurudi buluu! Rangi za azo nazo, ambazo ndizo nyingi katika nguo, zikikatwa hivi huacha vipande visivyoonekana, na baadhi yake huacha benzidini, iletayo saratani ya kibofu.

Sisi tuliopita chuoni twajua kuyakagua maji kwa rangi, ladha na harufu. Kwa udhu kipimo hicho chatosha. Mwenye kiwanda asijifiche nyuma yake.

Mimi napendelea chuma. Ni rahisi, chembe zake zaweza kutengenezwa kwa maji ya majani ya chai (na chai Kenya haitupungukii), na pamoja na haidrojeni peroksidi huivunja rangi zaidi kuliko kuificha. Tena zaweza kunaswa kwa sumaku zisiende na mto.

Lakini kazi hiyo ifanywe kiwandani, kabla bomba halijafika mtoni. Achotaye maji Garissa asibebeshwe gharama. Kanuni za ubora wa maji zamtaka mwenye kiwanda awe na leseni ya NEMA kabla ya kumwaga. Apimwe kwa kilichobaki majini, si kwa rangi iliyotoweka, na majibu yabandikwe Garissa na Garsen, kwa Kiswahili na Kisomali, yasilale ofisini Nairobi.