Potosí: Uzuri na Deni Lake

Wageni wapandao Potosí, mji wa Bolivia ulio takriban mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, hurudi wakisifu makanisa yenye nakshi za mawe na roshani za mbao. Sifa hizo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni jirani wa uongo.

Nakshi hizo zililipiwa na Cerro Rico, mlima wa fedha ulioanza kuchimbwa mwaka 1545. Tangu miaka ya 1570, utawala wa Hispania uliwapeleka wenyeji machimboni kwa shokoa, yapata wanaume 13,000 kila mwaka. Watumwa wa Kiafrika nao walitumikishwa katika nyumba ya kupigia sarafu. Reale za humo zilizunguka dunia, na jina lao likafika hadi kwenye mahari za pwani yetu.

Wapo wasemao kuwa hayo ni ya kale. Mbona basi wachimbaji wangali wakiingia mlimani, na watalii wakilipa ili kuwatazama? UNESCO iliutambua mji huo kuwa urithi wa dunia mwaka 1987. Mwaka 2014 ikautangaza kuwa hatarini, kwani kilele cha mlima kinatitia.

Fundi na asifiwe. Lakini asifuye ukuta asimtaje aliyefia shimoni, huyo hasifu sanaa, asifu wizi.