Picha ya Karibu Si Makro

Ningependa kutoa maoni yangu kuhusu mashindano yetu ya picha za viumbe. Kila anayepiga picha ua au mdudu kwa karibu hudai eti amepiga makro. La hasha! Makro ni kipimo. Nzi wa milimita 6 sharti atokee na milimita 6 au zaidi kwenye filamu ama kihisi cha kamera, kabla picha haijakuzwa. Filamu ya kawaida ina milimita 24 kwa 36. Sasa niambieni, kipepeo mwenye mabawa ya milimita 70 ataeneaje hapo akiwa mzima? Hiyo ni picha ya karibu tu, hata ikikuzwa ijaze ukuta.

Sisemi picha ya karibu ni duni. Ndiyo hutuonyesha kipepeo pamoja na ua analofyonza. Lakini mpiga makro ana taabu yake: upepo ukivuma kidogo tu, jicho la nzi limeingia ukungu. Kuwapima wawili hawa kwa mizani moja ni kuwaonea wote. Walimu wetu, tunaomba tuzo mbili. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.