Elfu Kumi za Nini?

Katika kozi za programu tunafundishwa kwamba urithi ndio dawa ya kurudia msimbo: klasi zikifanana, zitafutie mzazi mmoja. Napinga. Vitu viwili kufanya kazi sawa si ruhusa ya kuvichanganya, na sisi wa Afrika Mashariki tulipaswa kuwa wa kwanza kulisema.

Hadi 1966 Uganda, Kenya na Tanzania zilitumia shilingi moja. Kisha kila nchi ikatoa yake. Jina likabaki lile lile na hesabu ile ile, lakini leo shilingi moja ya Kenya ina thamani ya zaidi ya ishirini za Uganda. Sasa andika klasi mzazi `Fedha` yenye `jumlisha(Fedha nyingine)`, halafu `ShilingiUganda` na `ShilingiKenya` ziirithi. Jumlisha 5,000 za Uganda na 5,000 za Kenya: kompaila itanyamaza, nawe utapata 10,000. Elfu kumi za nini?

Wapo wanaosema tuandike klasi tatu zisizohusiana. Usalama utapatikana, ila kila marekebisho utayafanya mara tatu (na ya tatu utaisahau). Wengine wanataka jina la sarafu liwekwe ndani ya objekti, programu itoe kosa ikiona zimetofautiana. Hao ndio nagombana nao hasa. Kosa la namna hiyo husubiri hadi mteja yuko dirishani, wakati kompaila ingeweza kulikataa mwandishi akiwa bado mezani.

Aina ipewe kigezo: `Fedha<S>`, na `jumlisha` ipokee `Fedha<S>` tu. Msimbo unaandikwa mara moja. `Fedha<Kenya>` haijumlishwi na `Fedha<Uganda>` mpaka ipitie `badilisha`, inayodai kiwango cha siku. Wabadilishaji fedha wa mpakani Busia wanalijua hili bila Java: vidole vinavyohesabu ni vile vile, mabunda hayachanganywi.

Nakubali, Java hufuta vigezo hivyo msimbo ukishakompailiwa, na sarafu anayoichagua mtumiaji lazima ikaguliwe programu ikiendeshwa. Basi ikaguliwe mara moja, inapoingia. Kuanzia hapo kompaila ishike zamu.

Mnyama, Mbwa na Paka wametufundisha urithi vya kutosha. Muhula ujao, walimu wetu, anzeni na shilingi.