Kabla hujauza ng'ombe ununue Land Cruiser ya mgodini

Mavuno yakikaribia, simu za viwavi zinapungua na zinaanza za magari. "Mtaalamu, nimepata Land Cruiser pickup, ilikuwa ya mgodini, imetembea kilomita laki tatu na nusu, mwenyewe anataka milioni 30. Nichukue?" Wiki hii wameniuliza vijana watatu, wawili wa Kahama na mmoja wa Geita. Nawajibu wote hapa.

Kwa wengi wenu jibu langu ni hapana, na wala si kwa sababu ya hizo kilomita.

Tupige hesabu. Una ekari 20 za mpunga, umetunza vizuri, umepata gunia 20 kwa ekari. Jumla gunia 400. Gunia likiwa kilo 80, pickup ya kubeba tani moja inachukua gunia 12. Hapo ni safari 34! Fuso la kukodi la tani 7 linachukua gunia 87, safari tano limemaliza. Maana yake hata ukiwa na gari lako, siku ya mavuno utakodi Fuso tu. Mbegu na mbolea je? Guta linafikisha. Sasa hiyo milioni 30 inafanya kazi gani kuanzia Julai mpaka Novemba? Imelala chini ya mwembe, bima inakwisha, betri inakufa, na shemeji anaiomba kwenda msibani. Hela hiyohiyo ingekuwa kisima, pampu na mipira ya matone.

Ila wapo ninaowaambia wanunue. Unalima nyanya, hoho au tikiti na unapeleka Katoro au Kahama mjini mara tatu kwa wiki: nyanya haimsubiri mwenye Fuso. Au shamba lako liko kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao mvua ikishanyesha guta linazama mpaka ekseli. (Mwenye shamba la luseni asijidanganye, kirikuu inapita.) Kipimo changu ni siku 150 kwa mwaka. Kama gari halifiki siku hizo za kazi, za kwako au za kukodisha kwa wenzako, endelea kukodi.

Ukiwa kwenye kundi hilo, laki tatu na nusu isikutishe. Injini ya 1HZ, ile ya dizeli lita 4.2, silinda sita bila tabo, ikibadilishiwa oili kwa wakati inakwenda mbali zaidi ya hapo, na fundi wa Kahama anaijua hata gizani. Mimi ningeogopa zaidi gari la mgodini lenye kilomita chache. Kule gari linaweza kusimama saa nzima injini ikinguruma, watu wanasubiri zamu, kiyoyozi kinapuliza. Kilomita hazisogei, lakini injini inalika. Kwa hiyo omba kumbukumbu za matengenezo. Kampuni kubwa huandika kila kitu. Muuzaji akisema zimepotea, punguza bei papo hapo. Kama hakuna maandishi ya lini mkanda wa taiming ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Nenda asubuhi, ushike injini ikiwa ya baridi. Ukikuta wameshaipasha moto kabla hujafika, rudi kesho. Iwashe, fungua kifuniko cha oili: moshi ukipuliza kwa nguvu, silinda zimelika. Kisha lala chini na tochi. Gari lililokuwa likishuka kwenye mgodi wa chini ya ardhi, kama Bulyanhulu ulivyo, limeishi kwenye maji na tope, na kutu huanzia ndani ya chesisi ambako rangi mpya haifiki.

Karatasi nazo. Baadhi ya magari ya migodi na ya miradi yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Nenda TRA na namba ya chesisi kabla hujatoa hata shilingi.

Halafu kuna jambo la huku kwetu. Kwenye mnada hushindani na wakulima wenzako, unashindana na mtu ambaye duara lake limetema juzi. Huyo analipa keshi na hafungui boneti. Bei ya gari Geita inafuata dhahabu, mpunga wako hauhusiki. Andika kiwango chako nyumbani. Akikizidi kwa laki tano, mwachie.

Na hela zote zisiishie kwenye bei. Tairi, klachi, bushi na springi vitakudai mwaka huohuo, kwa hiyo tenga robo ya bei pembeni. Mwenye milioni 30 atafute gari la milioni 24, maana klachi ikifa mwezi Februari katikati ya mbuga, fundi hatasubiri uvune.