Wanafunzi wa Fildi Wanakuja Dodoma, Tuwapokee

Kila mwaka Bunge la bajeti likishaahirishwa mwishoni mwa Juni na mwaka mpya wa fedha wa Serikali ukaanza, jiji letu hupata wageni wa aina nyingine. Wabunge wanarudi majimboni, nyumba za wageni zinapumua, na pale stendi ya Nanenane wanaanza kushuka vijana wenye begi la mgongoni na bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha mna barua ya utambulisho kutoka chuoni, fomu ya tathmini na daftari la kuandika kazi ya kila siku. Hao ni wanafunzi wa fildi. Wametoka Morogoro, Mwanza, Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, wamekuja kufanya mafunzo kwa vitendo wizarani na kwenye taasisi za umma. Watakaa wiki 8 hivi, bila mshahara.

Nawaandikia kuwaombea vijana hao mambo mawili: pa kulala, na kazi ya kweli ya kufanya.

Tukumbuke walivyofika huku. TANU iliamua tangu 1973 kwamba makao makuu ya nchi yawe Dodoma, lakini kwa miaka zaidi ya 40 ofisi nyingi zilibaki Dar es Salaam. Julai 2016 hayati Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali yote inahama. Waziri Mkuu akahamia mwaka huohuo, Makamu wa Rais akafuata 2017, sheria ya makao makuu ikapitishwa 2018, na Aprili 2019 ukazinduliwa Mji wa Serikali kule Mtumba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Viwanja vilipanda thamani, tukajenga, tukapangisha, tukafungua maduka. Ila wizara hazikuja na watumishi peke yao. Zilikuja pia na nafasi za fildi. Mtoto wa Temeke aliyekuwa akipanda daladala asubuhi kwenda wizarani na jioni akarudi kula kwa mama yake, leo inambidi atafute chumba katika mji ambao hana ndugu. Mtoto wa Kasulu au Newala yeye hakuwahi kuwa na unafuu huo hata enzi za Dar es Salaam. Treni ya umeme iliyoanza kuja Dodoma mwaka 2024 imeifupisha safari, ni kweli, lakini abiria akishashuka bado hana kitanda.

Na chumba ndiyo shida yenyewe. Sisi wenye nyumba tumezoea kodi ya miezi 6, tukilegea sana miezi 3, na yote italipwa kabla funguo hazijatoka. Mwanafunzi anahitaji miezi 2 tu. Tena chumba tunachompa ni kuta nne na taa. Godoro anunue, ndoo anunue, jiko anunue, kisha baada ya wiki 8 avigawe au aviuze kwa bei ya kutupa. Wapo wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo unaogusa mafunzo kwa vitendo, na wapo wengi, hasa wa ngazi ya cheti na stashahada, wasio na mkopo wowote. Anayewatuma ni mzazi aliyeuza gunia la mahindi.

Kwa hiyo wanabanana wanne kwenye chumba cha mtu mmoja. Au barua ya kukubaliwa wizarani inawekwa kabatini, kijana anafanya fildi popote palipo karibu na kwao. Sisemi kwamba ofisi ya kata haifundishi, inafundisha sana. Ninachokataa ni fildi ya makao makuu kuwa ya mwenye shangazi Dodoma. Makao makuu yaliletwa katikati ya nchi ili yawe karibu na kila Mtanzania, na mwanafunzi huyu ni mmoja wao.

Tufanyeje basi? Mwenye chumba kilicho wazi akipangishe kwa mwezi, kikiwa na kitanda, chandarua na ndoo ya maji. Mama ambaye watoto wamekwenda shule ya bweni na chumba chao kimefungwa, akifungue kwa miezi hii miwili. Sisemi watoe bure, kijana atalipa kadiri ya makubaliano, nayo yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa ili kila upande uwe salama. Mkikubaliana na chakula, ndiyo bora zaidi. Aliyekulia pwani atashangaa siku mbili tatu kuona ugali wa uwele na mlenda, kisha atazoea, wengine huuulizia hata wakisharudi kwao. Na mpeni blanketi. Julai yetu ina upepo na baridi ya usiku ambayo mtoto wa Dar es Salaam hakuambiwa, anakuja na shati jepesi tu.

Wanaoishi upande wa barabara ya Dar es Salaam, yaani Ipagala, Nzuguni, Ihumwa na Mtumba kwenyewe, chumba chao kina thamani maradufu. Kutoka katikati ya jiji hadi Mji wa Serikali ni zaidi ya kilomita 15, na aliyepanga Nkuhungu hulipa nauli ya kufika mjini kisha nauli nyingine ya kwenda Mtumba, asubuhi na jioni, siku tano za wiki. Vyuo vyetu navyo, ambavyo mabweni yake hupungua watu wakati wa likizo, viwakaribishe wanafunzi wa vyuo vingine kwa ada ndogo. Mapadri, wachungaji na maimamu wana sauti ambayo tangazo la gazetini halina: dakika moja ya matangazo Jumapili, au baada ya sala ya Ijumaa, yatosha kupata vyumba 10.

Sasa nigeukie watumishi wenzetu maofisini.

Nimewahi kumtazama mama mmoja wa masjala akimfundisha binti wa fildi. Alimfungulia jalada, akamwonyesha barua zinavyokaa upande wa kulia, kila moja na namba yake ya folio, na madokezo upande wa kushoto. Akampa barua ya mwananchi aliyelalamika kuhusu mafao, akamwambia, "Soma, kisha mwandikie bosi dokezo." Binti akaandika ukurasa mzima. Mama akalirudisha: bosi hana muda wa ukurasa. Akaandika tena, likarudi, safari hii tarehe ya barua haikutajwa. La tatu likapanda kwa mkurugenzi, likashuka na maneno mawili ya kukubali. Binti alilishika jalada lile kwa mikono miwili. Kwa asubuhi moja alikuwa amejua malalamiko ya mtu yanapita mezani kwa nani na yanakwama wapi, jambo ambalo hakuna mhadhara ambao ungemwonyesha vile.

Hiyo ndiyo fildi. Kufuata chai, kutoa fotokopi na kukaa kwenye benchi la korido hadi saa tisa na nusu si fildi, hata daftari likijazwa na kugongwa mhuri. Najua yapo majalada ya siri, na hayo yasiguswe. Yaliyo wazi ni mengi: muhtasari wa kikao, orodha ya vifaa, hesabu za posho za safari, banda la wizara kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni. Mpeni kimoja kiwe chake tangu mwanzo hadi mwisho. Na mlinzi wa getini, kijana akikuamkia shikamoo, mwitikie ukimtazama usoni, umpe kiti wakati anasubiri. Wewe ndiye Serikali ya kwanza anayokutana nayo.

Lipo jambo moja nitalisema wazi. Anayemwekea binti sharti la mwili ili ampe nafasi, chumba au alama kwenye fomu ya tathmini anatenda kosa la jinai. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 imelitaja kosa hilo waziwazi. Wakuu wa idara, waambieni wanafunzi hivyo siku ya kwanza, mbele ya watumishi wote, na muwape namba ya TAKUKURU, 113, kupiga ni bure. Wenye nyumba nanyi, binti akirudi jioni amenyong'onyea, muulizeni kama ambavyo mngemuuliza wa kwenu.

Kuna muda wa kujipanga. Mwenye chumba amwambie mwenyekiti wa mtaa wake kabla Juni haijaisha, ataje bei na aseme kama anataka wa kike au wa kiume. Na afisa utumishi mwenye rundo la barua za maombi mezani azijibu wiki hii, hata zile ambazo jibu lake ni kwamba nafasi zimejaa, ili kijana aliyeko chuoni apate muda wa kuomba kwingine.