Zilipendwa si Kuukuu

Kijana mmoja aliniambia kuwa shairi la vina na mizani ni "zilipendwa". Niliumia, kisha nikalipima neno lenyewe. Kuukuu ni kitu kilichochakaa. Cha kale ni chenye umri mkubwa. Lakini zilipendwa, jina tulilozoea kuziita nyimbo za dansi za zamani, limebeba ushahidi: zilikuwa na wapenzi. Kiambishi -li- chatueleza kwamba pendo lilikuwapo jana. Hakisemi kuwa limekoma leo. Anayelitamka kwa dharau ndiye aongezaye ukomo huo. Basi, washairi wenzangu, tusilikatae jina hili. Tuhofie zaidi kutunga yale ambayo kesho hayatakuwa na wa kuyaita zilipendwa.