Kalamu ya Rais na Kiti cha Jaji

Kabla ya Katiba ya 2010, Rais wa Kenya alimteua Jaji Mkuu kwa hiari yake. Majaji wengine waliteuliwa kwa ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama, lakini wajumbe wa tume hiyo nao walikuwa wateule wa Rais. Jaji aliyejua nani alimpa kiti alijua pia nani angeweza kumwondoa, hasa baada ya Bunge kufuta kinga ya ajira ya majaji mwaka 1988. Kinga hiyo ilirejeshwa 1990.

Katiba mpya iliigawa kazi ya kuteua majaji. Tume sasa ina wajumbe 11. Majaji na mahakimu huchagua wawakilishi wao, Chama cha Mawakili huchagua wawili, na wananchi wasio wanasheria wana viti viwili, ambavyo Rais huvijaza kwa idhini ya Bunge la Kitaifa. Tume hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani, kisha humpelekea Rais majina. Jaji Mkuu na naibu wake peke yao ndio huidhinishwa na Bunge.

Mfumo huo ulijaribiwa mapema. Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alimpendekeza Alnashir Visram awe Jaji Mkuu bila kupitia tume. Mahakama Kuu ilisema Katiba imekiukwa, Spika Kenneth Marende akalikataa jina hilo, na Kibaki akaliondoa. Tume ilipofanya usaili, aliyeibuka ni Willy Mutunga, mwanaharakati aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Daniel arap Moi.

Jaribio la pili lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 2019 tume ilipendekeza majaji 41. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuwateua, akitaja shaka kuhusu uadilifu wa baadhi yao. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba Rais hana hiari ya kuchambua orodha ya tume. Hata hivyo, Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita. Mmoja wa wale 41 alikuwa ameshafariki. Kati ya sita hao, wanne walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu waliopendekezwa kupanda Mahakama ya Rufaa. Waliendelea kuamua kesi kila siku huku wakihesabiwa hawafai kupanda ngazi. Wote sita waliapishwa Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia madarakani.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Marekani, majaji wa shirikisho hupendekezwa na Rais, huidhinishwa na Seneti, na hukaa maisha. Mwaka 2016 Seneti haikumsikiliza kabisa Merrick Garland, aliyependekezwa na Barack Obama kwa Mahakama ya Juu, na kiti kikabaki wazi hadi Rais mwingine alipoingia. Katika majimbo mengi ya huko majaji hupigiwa kura, hivyo huomba michango ya kampeni, wakati mwingine kwa mawakili watakaosimama mbele yao. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Mahakama ya Katiba ina majaji tisa: watatu huchaguliwa na Rais mwenyewe, watatu na Bunge, watatu na Baraza Kuu la Mahakimu. Mgawanyo huo unaonekana wa haki, ila chama kinachomiliki Ikulu na Bunge kwa pamoja hujikuta na theluthi mbili.

Kwa kulinganisha, njia ya Kenya inamwacha Rais na nafasi ndogo zaidi ya kuchagua. Udhaifu wake uko kwingine: Katiba inasema Rais atateua, lakini haisemi ndani ya siku ngapi. Ukimya huo ndio uliowezesha kalamu kushikiliwa miaka mitatu. Sheria ikiweka muda, na kueleza kwamba muda huo ukipita Jaji Mkuu atawaapisha waliopendekezwa, pengo litazibika. Shaka kuhusu mwombaji, hata ikitoka kwa Rais, mahali pake ni mbele ya tume wakati wa usaili, ambapo mtuhumiwa yupo na anaweza kujibu.